Simu inakuumiza kichwa usiku? Mwongozo kamili wa kupima mwanga wa kioo unaocheza na kuutuliza

Wengi wanaolalamika kuwa simu inawaumiza kichwa hufanya mambo yaleyale matatu. Wanashusha mwangaza hadi mwisho, wanawasha rangi ya njano ya usiku, kisha wananunua miwani ya kuzuia mwanga wa bluu. Wiki inayofuata kichwa bado kinagonga, na sasa wanaamini macho yao ndiyo mabovu. Kosa liko kwenye jambo la kwanza kabisa: kwenye simu nyingi za kioo cha AMOLED au OLED (ambacho kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe), kushusha mwangaza ndiko kunakoamsha tatizo.

Kioo cha aina hiyo mara nyingi hakipunguzi mwanga kama unavyoshusha utambi wa chemli. Kinawaka na kuzima kwa kasi, mara 240 kwa sekunde kwenye simu nyingi za Samsung na kwenye baadhi ya iPhone, na jicho linajumlisha vipande hivyo kuwa mwanga mmoja. Ukitaka mwanga mdogo, simu inarefusha muda wa kuzima. Huoni kitu kikicheza, lakini kuna watu ambao mwili wao unahisi: macho yanawaka, paji la uso linabana, wengine wanapata kichefuchefu. Wengine wanashika simu hiyohiyo kwa muda wa saa nne bila kuhisi chochote. Ukiwa miongoni mwa wanaohisi, usikubali mtu akuambie unajifanya.

Fuata hatua kwa mpangilio. Anayerukia mipangilio kabla ya kupima hubaki akibahatisha.

## Vitu vya kuandaa

- Simu unayoishuku.
- Simu ya pili yenye kamera inayokuruhusu kuchagua kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga. Tafuta sehemu iliyoandikwa Pro ndani ya kamera. Kama haipo, weka programu ya bure iitwayo Open Camera, ingia kwenye mipangilio yake, chagua Camera2, na kama simu inakubali utaona kasi ya shata na ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga).
- Kijiti kimoja cha fagio la chelewa, au kalamu nyembamba.
- Picha nyeupe tupu na picha nyeusi tupu, zote mbili ziwe ndani ya simu unayoishuku.
- Chumba kinachoweza kuwa giza.
- Daftari la kuandika kwa siku 7.
- Simu ya kuazima yenye kioo cha LCD, yaani kinachomulikwa na taa ya nyuma. Si lazima, ila ukiipata itakuokoa fedha huko mbele.

## Hatua ya 1: Ondoa kwanza sababu zinazoweza kukuua

Hatua hii haihusu simu, na kwa mtu wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ndiyo muhimu kuliko zote. Kuanzia Juni hadi Agosti, Njombe, Makete, Mafinga na Mbeya jioni zina baridi kali. Watu wanaingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga madirisha, wanajifunika blanketi na kushika simu. Baada ya saa moja kichwa kinauma, na lawama zote zinaiangukia simu.

Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Jiulize mambo mawili: je, na wengine waliomo chumbani wanaumwa kichwa? Je, unapata nafuu ukitoka nje? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, toa jiko nje sasa hivi na ufungue milango. Aliyechanganyikiwa au kuzimia atolewe nje na apelekwe hospitali mara moja. Jiko la mkaa halilali ndani na watu, hata likiwa limebaki makaa machache.

Nenda hospitali bila kungoja hatua nyingine kama una lolote kati ya haya:

- kichwa kilichoanza ghafla na kwa ukali ambao hujawahi kuupata;
- homa pamoja na shingo kukakamaa;
- udhaifu wa upande mmoja wa mwili, au maneno kukataa kutoka;
- jicho linalouma sana, jekundu, linaloona duara za rangi kuzunguka taa, pamoja na kutapika;
- kuona kunapungua au kuona vitu viwiliviwili.

Kichwa kikiambatana na homa, kapime malaria, hasa kama umetoka Kyela, Usangu au sehemu nyingine za bondeni.

Angalia pia dawa unazomeza. Anayetumia vidonge vya kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu na zaidi, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayoletwa na dawa hizohizo. Mtu huyo atapima kioo bure. Aanze kwa daktari.

Umefanikiwa ukiona: kichwa kinauma hata chumba kikiwa na hewa safi na bila jiko, na hakuna dalili ya hatari kwenye orodha.

## Hatua ya 2: Jaribio la kijiti

Ingia kwenye chumba cha giza. Fungua picha nyeupe, shusha mwangaza wa simu hadi chini kabisa. Shika kijiti sentimita chache mbele ya kioo na ukipeperushe haraka kushoto na kulia, huku macho yakitazama kioo, si kijiti.

Ukiona ukungu mmoja laini, mwanga umetulia, au unacheza kwa kasi kubwa mno kwa jaribio hili. Ukiona vijiti vingi vilivyotengana, kama meno ya kitana, mwanga unawaka na kuzima. Kila kijiti unachokiona ni pale kilipokuwa kioo kilipowaka.

Rudia mwangaza ukiwa juu kabisa. Kwenye simu nyingi za AMOLED meno ya kitana yanafifia au yanatoweka. Hapo umeona kwa macho yako kwa nini kushusha mwangaza hakukukusaidia.

Angalizo: kijiti hakikamati kioo kinachocheza mara 2000 kwa sekunde au zaidi. Usitangaze ushindi hapa. Kamera ndiyo inayoamua.

## Hatua ya 3: Jaribio la kamera

Kamera ya simu haichukui picha yote kwa mpigo. Inasoma mstari kwa mstari, kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kioo kikizima wakati mistari fulani inasomwa, mistari hiyo inatoka myeusi. Kwa hiyo mwanga unaocheza huonekana kwenye picha kama michirizi ya giza.

1. Weka picha nyeupe kwenye simu unayoishuku, mwangaza chini kabisa.
2. Kwenye simu ya pili weka kasi ya shata 1/1000 ya sekunde. Picha itakuwa giza. Pandisha ISO hadi 1600 au 3200.
3. Sogeza kamera karibu hadi weupe wa kioo ujaze picha nzima. Isipolenga vizuri haidhuru.
4. Piga picha. Kisha weka shata 1/4000 na upige nyingine.

Usiache picha ya 1/4000. Kioo kinachocheza mara 1920 kwa sekunde kinawaka na kuzima karibu mara mbili ndani ya 1/1000 ya sekunde, hivyo michirizi inajifuta yenyewe na utadhani kimetulia. Kwa shata fupi michirizi inarudi.

Sasa soma picha. Michirizi mipana na myeusi kabisa maana yake kioo kinazima kabisa. Michirizi myepesi, kama kivuli cha wingu, maana yake kinapungua kidogo tu bila kuzima. Tofauti hiyo ni nzito kuliko idadi ya michirizi. Usihesabu mchirizi mmoja mwembamba unaoonekana hata mwangaza ukiwa juu kabisa: huo ni wa kioo kubadilisha picha mara 60 au 120 kwa sekunde.

### Kukadiria kasi bila kifaa cha maabara

Umeme wa gridi yetu ni wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, na mwanga hupungua mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo balbu rahisi ya LED inayocheza hucheza mara 100 kwa sekunde. Hicho ni kipimo cha bure ukutani kwako. Elekeza kamera ileile, kwa mipangilio ileile, kwenye ukuta mweupe unaomulikwa na balbu hiyo, ukuta ujaze picha nzima. Hesabu michirizi. Gawa idadi ya michirizi ya kioo kwa ile ya ukutani, kisha zidisha kwa 100.

Mfano: ukuta umetoa michirizi 2, kioo kimetoa 5. Tano kwa mbili ni 2.5, mara 100 ni 250. Simu yako iko karibu na 240 Hz. Ni makadirio, lakini yanatosha kukutenganishia simu ya mamia na simu ya maelfu.

Mwaka 2015 chama cha wahandisi cha IEEE kilitoa waraka namba 1789 kuhusu taa za LED. Haukuandikiwa simu, ila hesabu yake inasaidia kupata picha: chukua kasi ya kucheza, zidisha kwa 0.08, unapata asilimia ya juu ya kupungua kwa mwanga inayohesabiwa kuwa na hatari ndogo. Kwa mwanga wa 240 Hz ni takriban asilimia 19. Kioo kinachozima kabisa kimefika asilimia 100. Ikizidi 1250 Hz, hesabu hiyo haiweki tena kikomo. Ndiyo maana michirizi mingi myembamba ni habari njema kuliko michache mipana.

Umefanikiwa ukiona: una picha mbili zinazosomeka na unaweza kusema kama kioo kinazima kabisa, kinapungua kidogo, au kimetulia. Kama hakuna mchirizi wowote kwa 1/4000 kwenye mwangaza wowote, kioo chako si mhusika. Ruka hadi Hatua ya 6.

## Hatua ya 4: Tafuta mpaka wa simu yako

Simu nyingi za AMOLED zina mpaka. Juu ya mwangaza fulani michirizi ni myepesi. Chini yake inageuka myeusi ghafla. Mpaka huo hutofautiana kati ya modeli na modeli, na hata baada ya simu kusasishwa, kwa hiyo usichukue namba ya mwenzako.

Zima kwanza mwangaza unaojirekebisha wenyewe, la sivyo simu itakubadilishia namba katikati ya kipimo. Zima pia kuokoa betri, kwa kuwa nako hushusha mwangaza kimyakimya.

Anza juu kabisa. Piga picha kwa shata ileile mwangaza ukiwa asilimia 100, kisha 75, 50, 40, 30, 20, 10 na chini kabisa. Kama simu haionyeshi asilimia, gawa kitelezi (mstari wa kuburuta mwangaza) kwa macho na uweke alama daftarini. Andika kila mara: myepesi, wa kati, mweusi.

Panga picha hizo kwa mfuatano. Kwa kawaida utaona mahali ambapo weusi unaruka. Ikiwa ulirukia kati ya 50 na 40, rudia kwa 48, 46 na 44. Namba ya mwisho yenye michirizi myepesi ndiyo mpaka wako. Ongeza kidogo juu yake kwa usalama.

Kuna simu zisizo na mpaka: zinacheza kwa uzito uleule kila mahali. Hapo chagua mwangaza wenye michirizi myepesi zaidi na uendelee nao, ukijua nafuu itakuwa ndogo.

Kosa la kawaida hapa ni kupima chini ya balbu inayocheza. Michirizi ya balbu inachanganyika na ya kioo na unapata picha isiyoeleweka. Zima taa zote.

## Hatua ya 5: Funga mwangaza juu ya mpaka, kisha tia kivuli juu ya picha

Hii ndiyo hatua inayotuliza. Badala ya kukiambia kioo kizime mara nyingi, unakiacha juu ya mpaka na kuifanya picha yenyewe iwe nyeusi zaidi. Jicho linapata mwanga mdogo. Kioo hakibadilishi namna yake ya kuwaka.

Kabla ya yote, tafuta swichi ya kampuni. Fungua Mipangilio, nenda kwenye kisanduku cha kutafuta, andika flicker. Ukikosa, andika DC. Xiaomi, Redmi na POCO kadhaa za AMOLED zina swichi hiyo chini ya mipangilio ya kioo. Iwashe, rudia picha za Hatua ya 4. Michirizi ikififia kote, kazi imeisha. Rangi zikionekana chafu au za kijani kwenye mwangaza mdogo, hiyo ni gharama yake, si ubovu.

Android 12 na kuendelea. Ingia kwenye sehemu ya ufikivu (Accessibility), tafuta Extra dim au maneno ya kupunguza mwangaza zaidi. Weka kitelezi cha kawaida juu ya mpaka wako, kisha washa kivuli hicho na ukiongeze hadi jicho liridhike. Weka kitufe chake kwenye menyu inayoshuka kutoka juu, kwa sababu mchana utakizima.

iPhone. Nenda Settings, Accessibility, Display & Text Size. Chini kabisa zima Auto-Brightness. Kisha washa Reduce White Point na uisogeze hadi utulie. iPhone 17 zina swichi ya ziada hapohapo iitwayo Display Pulse Smoothing, iwashe kwanza.

Android ya zamani. Utahitaji programu ya kichujio cha kioo kutoka Play Store, nayo inaomba ruhusa ya kuonekana juu ya programu nyingine. Kuwa makini sana hapa. Ruhusa hiyohiyo ndiyo wezi wa fedha za simu wanayoitaka, ili wakuwekee ukurasa wa uongo juu ya ule wa kweli. Chagua programu isiyoomba anwani zako wala ujumbe mfupi, usiipakue nje ya Play Store, na izime unapofungua programu ya benki au ya kutuma pesa.

Sasa thibitisha. Ukiwa na kivuli, piga picha kwa shata ileile, ISO ikiwa juu zaidi. Michirizi lazima ibaki myepesi kama ilivyokuwa kwenye mpaka. Ikigeuka myeusi, simu yako inashusha kioo badala ya kutia kivuli. Jaribu njia nyingine kati ya hizi.

Kuna hofu mbili zinazowafanya watu waache hatua hii njiani. Ya kwanza ni betri. Kwenye AMOLED kila nukta inatumia umeme kulingana na mwanga inaoutoa, hivyo picha iliyotiwa kivuli haili betri kama mwangaza wa juu unavyoonekana kwenye kitelezi. Kwenye LCD, taa ya nyuma inaendelea kuwaka kwa nguvu na betri itaisha mapema zaidi. Ya pili ni rangi: sehemu za giza za picha na video zitamezana. Hilo ni kweli. Kwa kusoma jumbe na kurasa halisumbui.

Rangi ya njano ya usiku haibadilishi kuwaka na kuzima. Inabadilisha rangi tu. Miwani ya bluu vilevile. Mandhari meusi yanapunguza jumla ya mwanga unaokuingia, na wapo wanaopata nafuu, lakini peke yake hayatoshi. Na usichanganye 120 Hz iliyoandikwa kwenye boksi na kasi tunayoizungumzia hapa. Ile ni mara ngapi picha inabadilika, hii ni mara ngapi mwanga unakatika.

Umefanikiwa ukiona: picha ya kamera ina michirizi myepesi tu, na kioo kinasomeka chumbani bila kuchoma macho.

## Hatua ya 6: Taa ya chumba

Ukituliza simu halafu ukaisomea chini ya balbu inayocheza mara 100 kwa sekunde, umefanya nusu ya kazi. Umeshapiga picha ya ukuta kwenye Hatua ya 3. Michirizi myeusi maana yake balbu ibadilishwe.

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme muuzaji huwasha balbu mbele yako kabla ya kuuza. Tumia nafasi hiyo: "Kaka, naomba uache iwake kidogo nipige picha ukutani." Shata 1/1000, ukuta mweupe. Jaribu tatu au nne za kampuni tofauti. Bei si kigezo cha uhakika. Picha ndiyo kigezo.

Balbu za sola za 12 V zikiunganishwa moja kwa moja na betri kwa kawaida zinatulia. Taa za kuchaji zenye ngazi za mwanga mara nyingi zinatulia kwenye mwanga wa juu tu na kucheza zikishushwa, kwa sababu ileile ya simu. Zielekeze ukutani zikiwa juu kabisa badala ya kuzishusha.

Usisome simu gizani. Giza ndilo linalokulazimisha kushuka chini ya mpaka.

## Hatua ya 7: Macho yenyewe

Chini ya blanketi mtu anashika simu karibu mno, gizani, mwangaza chini: mambo matatu mabaya kwa pamoja. Iweke sentimita 40 kutoka usoni, takriban urefu wa kiwiko hadi ngumi na ziada kidogo. Kuza maandishi badala ya kusogeza simu.

Anayetazama kioo hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, na jicho linakauka. Kiangazi chetu chenye upepo na vumbi, Uyole au Makambako, kinaongeza ukavu huo. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mita 6 au mbali zaidi kwa sekunde 20, ukifumba na kufumbua taratibu.

Ukiwa na miaka 40 na kuendelea na unasogeza simu mbali ili usome, huenda unahitaji miwani ya kusomea. Kapime kwenye kliniki ya macho, mathalani Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Usinunue dawa yoyote ya matone dukani kwa kuelezea dalili tu. Baadhi zina steroidi kama dexamethasone. Zinaondoa wekundu upesi, lakini zikitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuharibu neva ya kuonea.

## Hatua ya 8: Siku 7 za daftari

Usibadilishe kitu kingine chochote kwa siku 7. Kila siku andika: saa ulizotumia simu usiku, mwangaza, kichwa kiliuma saa ngapi, kwa ukali wa 0 hadi 10, ulilala saa ngapi, ulikunywa maji kiasi gani. Ukibadilisha simu, balbu na usingizi kwa mpigo, hutajua kilichokuponya.

Kama ulipata simu ya LCD ya kuazima, itumie siku 3 za mwisho kwa kazi zilezile. Maumivu yakipotea kwenye LCD na kurudi kwenye AMOLED, jibu unalo. Yakibaki palepale kwenye simu zote mbili, acha kupambana na kioo na urudi kwenye Hatua ya 7. Mwenye kipandauso amwonyeshe daktari daftari hilo. Litamsaidia kuliko maelezo ya mdomo.

Umefanikiwa ukiona: ukali unashuka siku hadi siku, au maumivu yanachelewa kuanza. Kwa mtu ambaye kichwa kilikuwa kinaanza baada ya dakika chache, kufika saa nzima bila kubana ni nafuu ya kweli.

## Hatua ya 9: Ikibidi kubadilisha simu

Kwa baadhi ya watu kivuli hakitoshi. Hapo nunua kwa kupima, si kwa bei. Simu ghali mara nyingi ndizo zenye AMOLED, na mtu anaweza kutoa fedha nyingi akanunua maumivu zaidi.

Njia mbili ni salama zaidi. Moja ni kioo cha LCD, ambacho mara nyingi hakichezi au hucheza kidogo: iPhone XR, iPhone 11 na SE, Samsung Galaxy A05 na A06, pamoja na itel, TECNO Spark na Infinix Smart nyingi za bei ya chini. Angalia jina kamili, kwani Galaxy A15 na A16 ni AMOLED ingawa zimekaa jirani kabatini. Njia ya pili ni AMOLED yenye kasi ya maelfu. Honor ina modeli za 3840 Hz na 4320 Hz, na Xiaomi ina za 1920 Hz. Hata hizo zipime, kwa sababu baadhi hutumia kasi hiyo kwenye mwangaza mdogo tu.

Dukani, iwe Mwanjelwa au Iringa mjini, fanya hivi:

1. Omba simu iwashwe, si ya maonyesho iliyozimwa.
2. Fungua picha nyeusi, funika kioo kwa viganja na uchungulie. Weusi wenye mng'ao wa kijivu ni LCD. Weusi uliozima kabisa ni AMOLED.
3. Fungua picha nyeupe, shusha mwangaza chini kabisa, piga picha kwa 1/1000 na 1/4000 huku ukikinga mwanga wa duka.
4. Soma kwenye simu hiyohiyo dakika 15 kabla ya kulipa. Muuzaji akikukataza, nenda duka la pili.

Simu iliyotumika inahitaji swali moja zaidi: kioo kimewahi kubadilishwa? Mafundi hufunga vioo vya aina tofauti kwenye simu moja, na kioo kopi cha LCD kinaweza kukaa kwenye simu iliyotoka kiwandani na OLED. Maelezo ya modeli mtandaoni yanakuwa hayana maana tena. Dalili moja ni alama ya kidole ya ndani ya kioo kukataa kusoma, kwa kuwa kipimo chake huhitaji kioo kinachopitisha mwanga. Kioo kopi chenyewe kinaweza kuwa kimetulia kuliko cha asili, au kikacheza vibaya zaidi kwa sababu ya taa duni ya nyuma. Jina la aina yake halikuambii.

Ukipeleka simu yako kwa fundi, mwambie akuunganishie kioo kwa waya wake kabla hajakigandisha kwa gundi, ukipige picha kwanza. Fundi mzoefu hujaribu kioo hivyo kila siku kuona kama mguso unafanya kazi. Kikitoa michirizi myeusi, kinarudi kwenye boksi lake bila gharama, na anakujaribia kingine.